Freindlich, Churikova au Terekhova: uanze na nani?

Mtu akiuliza aanzie wapi kwenye filamu za Kirusi, mara nyingi hupewa jina la mwongozaji. Anaambiwa Tarkovsky. Anakwenda, anakaa saa mbili na ushee mbele ya skrini, kisha anarudi kimya kimya kwenye filamu zake za Kihindi na Kinaijeria. Simlaumu. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilipoangalia filamu yake ya Zerkalo nilishtukia chai imepoa na sijui nani ni mama wa nani.

Siku hizi nashauri mlango mwingine: mshike mwigizaji mmoja, mfuate popote aendako. Uso ukishauzoea, hata hadithi ikikuponyoka unabaki na mtu unayemjua. Tatizo ni kwamba kwenye kizazi kilichong'aa miaka ya 1970 kuna wanawake watatu ambao kila mmoja anatosha kukushika mwaka mzima: Alisa Freindlich, Inna Churikova na Margarita Terekhova. Walipishana umri kwa miaka isiyofika 10, na njia zao zilikutana. Freindlich na Terekhova wamo katika filamu moja ya askari wa mfalme wa Ufaransa. Terekhova na Churikova walisimama jukwaa moja katika Hamlet. Freindlich na Terekhova, kila mmoja kwa wakati wake, walipita mikononi mwa Tarkovsky huyohuyo.

Nimewapima kwa nini

Vigezo vinne. Cha kwanza, alikotoka, kwa sababu kwa hawa watatu maisha ya utotoni yanaonekana hadi kwenye namna wanavyosimama. Cha pili, jukwaani alifanya nini. Cha tatu, filamu ipi ni ya kuingilia. Cha nne, atakugharimu nini: muda, subira, na kutojua Kirusi.

Medali na vyeo vya serikali sikuvihesabu. Urembo nao nimeuacha, ingawa utaona huko mbele kwamba mmoja wao alihukumiwa kwa huohuo.

Alikotoka

Alisa Freindlich alizaliwa Leningrad tarehe 8 Desemba 1934. Baba yake, Bruno Freindlich, alikuwa mwigizaji maarufu mwenye asili ya Kijerumani. Alisa alipotimiza miaka 7 mji ulikuwa umezingirwa na jeshi la Ujerumani, mzingiro uliodumu siku 872. Katika wiki mbaya kuliko zote za mwisho wa 1941, mgawo wa mtoto ulikuwa gramu 125 za mkate kwa siku. Hiyo simu uliyoishika ina uzito zaidi ya huo, na mkate wenyewe haukuwa ngano tupu. Freindlich amewahi kueleza kwamba bibi yake aligawa mkate kwa kufuata saa ya ukutani: mshale ukifika hapa ndipo kipande kinatoka, si kabla. Baada ya kulisikia hilo sikuweza tena kumtazama akicheza mwanamke mkali wa ratiba na makaratasi bila kuikumbuka ile saa.

Inna Churikova ni wa Belebey, mji mdogo wa Bashkiria, tarehe 5 Oktoba 1943, vita vikiendelea. Alisoma uigizaji Moscow, katika chuo cha Shchepkin, akamaliza mwaka 1965. Mzigo wake ulikuwa mwingine kabisa: sura. Macho makubwa, mdomo mpana, uso ambao waongozaji wa enzi hizo waliuona unafaa kuchekesha tu. Akiwa bado mwanafunzi alipewa Marfushka, binti mvivu na mlafi wa mama wa kambo, katika filamu ya ngano iitwayo Morozko. Filamu ikapendwa na watoto wa nchi nzima hadi leo. Inasimuliwa kwamba mwenyewe alipojiona kwenye skrini alilia. Mtu anaweza kupata umaarufu wa namna hiyo na akakwama nao maisha yote, wapo waliokwama.

Margarita Terekhova alizaliwa 1942 Turinsk, katika eneo la Ural, akakulia Tashkent, Uzbekistan. Alianza chuo kikuu upande wa fizikia na hisabati, akaacha baada ya miaka miwili na kwenda Moscow. Huko alipokelewa kwenye studio ya Yuri Zavadsky, mwongozaji mkuu wa Ukumbi wa Mossovet. Kwake hakuna simulizi la njaa wala la kuchekwa. Kuna msichana aliyejua hesabu akaamua hataki hesabu.

Jukwaani

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo huwaelewi wote watatu. Mwigizaji wa Kisovyeti hakuishi kwa kuitwa kwenye filamu. Aliajiriwa na ukumbi wa michezo, kwa mshahara, kwa miaka. Ukumbi ulikuwa na michezo kadhaa inayozungushwa: leo usiku Shakespeare, kesho mchana mchezo wa watoto, keshokutwa tamthilia mpya ya mambo ya kiwandani. Filamu ilipachikwa katikati ya ratiba hiyo. Kwa hiyo tunachokiona sisi leo ni kile kilichobaki baada ya kazi halisi, na hiyo kazi halisi sehemu kubwa imekwenda na watazamaji wake, isipokuwa michezo michache iliyorekodiwa kwa ajili ya televisheni.

Kwa kigezo hiki Freindlich ndiye mwenye rafu ndefu. Kuanzia 1961 hadi 1983 alikuwa Ukumbi wa Lensovet, chini ya Igor Vladimirov aliyekuwa pia mumewe. Alicheza Eliza katika Pygmalion, akacheza Katarina anayegoma kufugwa wa Shakespeare, na wakati huohuo alikuwa mtoto wa kiume katika mchezo wa watoto wa Malysh na Karlson. Mwili mdogo, sauti yenye mkwaruzo kidogo, na hakuona aibu kuvaa kaptura. Mwaka 1983 alihamia Ukumbi Mkubwa wa Drama mjini humohumo, uliokuwa mikononi mwa Georgy Tovstonogov. Hakutoka tena, na miaka ya 1990 alicheza Lady Macbeth huko.

Churikova alianzia ukumbi wa watoto wa Moscow, akicheza Baba Yaga, yule bibi mchawi wa ngano za Kirusi, pamoja na wanyama wa kila aina. Ungedhani Marfushka amemfuata hadi kazini. Katikati ya miaka ya 1970 aliingia Lenkom, ukumbi wa Mark Zakharov, na huko ndiko alikobaki hadi alipofariki Januari 2023.

Terekhova alitoka kwenye studio na kuingia Mossovet mwaka 1964 kwa kishindo: Kleopatra mkabala na Rostislav Plyatt, mmoja wa wazee wa ukumbi ule, akiwa Kaisari. Miaka mitano baadaye alikuwa Sonya katika onyesho la Zavadsky lililotokana na Dostoevsky.

Kisha mwaka 1977 Tarkovsky aliongoza Hamlet pale Lenkom. Anatoly Solonitsyn alikuwa Hamlet, Terekhova alikuwa malkia Gertrude, Churikova alikuwa Ophelia. Tazama mgawanyo huo: yule mwenye sura ya kifalme akapewa mama mwenye hatia, na yule aliyeambiwa sura yake ni ya kuchekesha akapewa msichana anayependwa. Onyesho halikudumu sana. Kama ningepewa tiketi moja ya kurudi nyuma, ningeitumia hapo.

Filamu ya kuingilia

Kwa Freindlich jibu ni jepesi: Sluzhebny roman, yaani Mapenzi ya Ofisini, ya Eldar Ryazanov, mwaka 1977. Ilitazamwa kwenye kumbi na watu zaidi ya milioni 58. Freindlich ni Lyudmila Prokofyevna Kalugina, mkurugenzi wa ofisi ya takwimu, miwani mikubwa, suti ya kijivu, nywele zilizobanwa. Wafanyakazi humwita Mymra wakiwa mbali naye, neno la dhihaka kwa mwanamke aliyenuna asiyejipamba. Ana miaka 36 tu, na mtu anapoutaja umri huo wote wanashangaa. Novoseltsev, karani mpole mwenye watoto wawili anaowalea peke yake, anashauriwa ajifanye kumtongoza ili apandishwe cheo.

Usikimbilie mwisho. Kaa kwenye tukio la katibu muhtasi, Verochka, akimfundisha bosi wake mambo ya urembo. Nyusi, anasema, ziwe nyembamba kama uzi, zinyanyuke kwa mshangao. Kalugina anauliza zinanyolewaje, anaambiwa zing'olewe, kwa kalamu ya kuchorea ramani. Kisha Verochka anamwonyesha jinsi ya kutembea na mkurugenzi anamwiga, mzima mzima, kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Freindlich angeweza kutuchekesha kwa kumfanya Kalugina kituko. Hafanyi hivyo. Anamwacha awe mtu makini anayejifunza somo gumu, na hapo ndipo kicheko kinapokuja na uchungu wake. Nyimbo nyingi zilizomo anaimba mwenyewe.

Ukimaliza hiyo, nenda Stalker ya 1979. Ni mke wa mtu anayepeleka wageni kwenye eneo lililokatazwa. Mwanzoni anaonekana akigaragara sakafuni kwa uchungu, kisha anatoweka karibu filamu nzima, halafu kuelekea mwisho anakaa, anawasha sigara, na kutuangalia sisi machoni. Anasema mama yake alimkataza kuolewa na mtu huyo, kwamba alijua kutakuwa na huzuni, lakini heri furaha yenye uchungu kuliko maisha ya kijivu. Ni dakika chache tu. Wanaume watatu wamebishana falsafa saa nzima na zaidi, kisha anakuja mwanamke mmoja na kusema lililokuwa linahitajika.

Kwa Churikova watu wengi watakutuma Morozko. Sawa ikiwa una watoto ndani. Lakini filamu ya kumwingilia ni Nachalo, yaani Mwanzo, ya 1970, iliyoongozwa na Gleb Panfilov, mumewe. Hadithi: Pasha Stroganova ni mfumaji wa kiwandani katika mji mdogo, si mrembo, anapenda mwanamume mwenye mke, na jioni anacheza Baba Yaga kwenye kikundi cha ridhaa. Mwongozaji wa filamu anamwona akiwa Baba Yaga na anamchukua aigize Joan wa Arc, msichana shujaa wa Ufaransa. Yaani Panfilov alichukua kejeli yote aliyotupiwa mkewe, ile pua ya bandia ya mchawi na yote, akaiweka mbele ya kamera, kisha akamkata nywele na kumsimamisha mbele ya mahakama ya kanisa. Uso uleule. Mwanga unabadilika, na huwezi tena kukumbuka ulikuwa unacheka nini.

Panfilov alitaka kutengeneza filamu nzima ya Joan na Churikova; hakuruhusiwa, na vipande vilivyomo ndani ya Nachalo ndivyo tulivyopata. Kabla ya hiyo walifanya V ogne broda net, Motoni Hakuna Kivuko, kuhusu msichana wa treni ya majeruhi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe anayegundua anaweza kuchora. Iligawana tuzo kuu ya tamasha la Locarno mwaka 1969. Na akiwa mtu mzima kuna Voenno-polevoy roman ya Pyotr Todorovsky, Mapenzi ya Vitani, iliyompa Dubu wa Fedha wa mwigizaji bora wa kike Berlin mwaka 1984. Humo yeye si mpenzi. Ni mke, Vera, ambaye mumewe amemkuta barabarani mwanamke aliyempenda vitani, sasa akiuza maandazi ya Kirusi kwa kupiga kelele. Nafasi ya mke anayesalitiwa nyumbani kwetu ingekuwa ya kugombana kwa vijembe na kulia. Churikova anaicheza kwa adabu ya mtu anayejua kila kitu na bado anamkaribisha mgeni.

Terekhova ndiye mgumu kupangia, kwa sababu ana milango miwili isiyofanana hata kidogo.

Mlango wa kwanza ni Sobaka na sene, filamu ya televisheni ya Yan Frid ya mwaka 1977 kutoka kwa tamthilia ya Lope de Vega. Jina lina maana ya mbwa aliyelala juu ya nyasi kavu: yeye hali, wala hawaachii ng'ombe. Terekhova ni Diana, mwanamke wa ukoo mkubwa anayempenda katibu wake lakini hamtaki hadharani, na hataki mwingine amchukue. Ni vichekesho, ni nyimbo, ni magauni, na jua tele. Kwenye nyimbo sauti si yake, lakini hasira ni yake yote: kofi moja kwa katibu, kisha macho yanayoomba radhi kabla mkono haujashuka.

Mlango wa pili ni Zerkalo, Kioo, ya 1975. Hapa ana nafasi mbili, mama wa msimulizi katika miaka ya 1930 na mke aliyeachana na msimulizi miaka mingi baadaye, na ndiyo sababu ile chai yangu ilipoa. Anza kwa kulitazama tukio moja la mwanzo kama picha inayojitegemea. Mwanamke amekaa juu ya uzio wa mbao, anavuta sigara, anatazama barabara ambayo mumewe angepaswa kurudi nayo. Mpita njia, daktari, anamsogelea, anakaa naye, uzio unavunjika, wote wanaanguka, daktari anacheka. Anaondoka. Upepo unapita shambani na kulaza mimea. Hakuna lingine. Tarkovsky mwenyewe alieleza kwamba hakumwambia Terekhova kama mume angerudi au la, ili mwigizaji asijue zaidi ya huyo mama. Ukilijua hilo, yale macho yanayotazama barabara yanakuwa kitu kingine.

Tukio la pili la kulitafuta ni la kiwanda cha uchapaji. Anakimbia kwenye mvua kurudi kazini kwa sababu anadhani ameacha kosa la herufi katika kitabu kinachochapwa. Wakati wa Stalin kosa la herufi liliweza kumpoteza mtu. Hakuna anayelitamka hilo. Unalisoma kwenye hatua zake, kwenye mikono inayopekua karatasi. Kosa halipo. Anamnong'oneza mwenzake neno lile alilolihofia, wanacheka hadi wanalia.

Atakugharimu nini

Muda kwanza. Sluzhebny roman ina sehemu mbili, zaidi ya saa mbili na nusu kwa jumla, na Stalker nayo ni hivyohivyo. Filamu za awali za Churikova na Panfilov ni za saa moja na nusu hivi. Unamaliza kabla ya kulala. Zerkalo haifiki saa mbili, lakini saa zake ni nzito. Sobaka na sene inapita saa mbili na huisikii.

Lugha ni jambo kubwa zaidi. Nyingi ya hizi utazipata zikiwa na maandishi ya tafsiri chini ya picha, na si ya Kiswahili. Hakuna jamaa wa kutufasiria kwa sauti kama kwenye vibanda umiza. Hapo Freindlich ndiye anayepoteza zaidi, maana Ryazanov anaishi kwa maneno, na utani wa ofisini ukipita kwenye lugha mbili unafika umechoka. Churikova hapotezi kitu. Unaweza kuzima sauti na ukamfuata. Terekhova yuko katikati. Kwenye Zerkalo kuna mashairi ya Arseny Tarkovsky, baba wa mwongozaji, yanayosomwa na mshairi mwenyewe. Ukiyakosa unapoteza sana, ila uso unabaki.

Bando. Studio ya Mosfilm ina chaneli yake rasmi ya YouTube ambako Sluzhebny roman, Stalker na Zerkalo zimewekwa bure. Kazi kuu za Churikova nilizozitaja ni za Lenfilm na studio ya Odessa, na hizo zinahitaji kutafutwa zaidi kidogo.

Sasa, wewe ni nani kati ya hawa

Kama unaangalia na mtu mwingine nyumbani, hasa mama au shangazi aliyewahi kufanya kazi ofisini, chukua Freindlich. Atamjua Kalugina kabla hata ya dakika ya kumi, na pengine atakutajia jina la bosi wake wa zamani.

Kama unaigiza, au una kikundi cha jukwaani, au umewahi kuambiwa kwamba sura yako haifai kamera, chukua Churikova na uanze na Nachalo. Sioni haja ya kueleza zaidi.

Kama wewe ni msomaji wa mashairi na huogopi kuangalia kitu mara tatu, Terekhova wa Zerkalo ni wako, lakini kwa vipande: uzio leo, kiwanda cha uchapaji kesho, filamu nzima mwishoni mwa wiki. Kama huna subira hiyo na unataka tu kumjua, Sobaka na sene haina aibu yoyote.

Kwa mzazi anayetaka watoto wakae kimya saa moja na nusu, Morozko. Waambie tu kwamba yule dada mbaya alikuja kuwa Joan wa Arc.

Kwa aliyesoma Moscow enzi zile, pale Chuo Kikuu cha Lumumba au kwingineko, na Kirusi bado kimo kichwani, geuza mpangilio wangu wote: utani wa Ryazanov utakufikia mzima, basi Freindlich ndiye atakayekurudishia zaidi.

Na asiyeweza kuchagua kati ya Freindlich na Terekhova atafute ile filamu ya televisheni ya d'Artagnan na wenzake watatu, iliyorushwa mwishoni mwa 1979. Freindlich ni malkia Anne anayetoa vito vya almasi kwa mtu asiyepaswa kumpa. Terekhova ni Milady anayetumwa kuviiba. Ni sehemu tatu, nyimbo nyingi, mapanga mengi. Angalia sehemu ya kwanza tu, kisha jiulize ni nani kati ya wale wawili ulikuwa unamsubiri arudi kwenye skrini.